Maswali Yenu: Bustani Isiyo na Mgongo

*Shikamoo Mama Kitalu. Nimepewa kiwanja cha mita 10 kwa 8 kwenye maonyesho ya bustani, na nina miezi saba. Masharti ni mawili: mimea iwe ya asili ya eneo letu tu, na wageni waingie wapite ndani, wasitazame wakiwa nje. Nimeshaandika aina 61 za mimea, na hapo ndipo nilipokwama. Nianzie wapi? — Mwenye Orodha*

Marahaba, mwanangu. Hiyo orodha ikunje uitie mfukoni, tutairudia. Wewe anza na miguu ya watu.

Bustani yangu ya kwanza ya namna hii niliichora kama picha ya ukutani: mirefu nyuma, mifupi mbele, na kijinjia cha sentimita 90 katikati kwa kuwa masharti yalikitaka. Siku ya kwanza, jua halijakolea, akaingia mzee kwenye kiti cha magurudumu. Kuingia aliingia. Kufika konani, kugeuka hawezi, na nyuma yake watu wameshajaa. Ikabidi msururu wote urudi kinyumenyume ndipo atoke. Kufika siku ya tatu nyasi zangu za pembeni zimelala chali, na pale nilipoweka kona kali palikuwa na njia nyingine ya mkato, iliyochorwa na viatu. Hiyo ya viatu ndiyo iliyokuwa sahihi.

Kwa hiyo njia yako iwe na upana wa mita 1.5. Hapo watu wawili wanapishana bila kukanyaga mimea, na kiti cha magurudumu kinapata duara la kugeukia. Mlango wa kuingilia uwe mbali na wa kutokea. Mwinuko usizidi mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, na usiweke ngazi. Juu mwaga changarawe ndogo uishindilie mpaka iwe ngumu. Kokoto zilizolegea humeza magurudumu. Kabla ya yote hayo, tafuta uwanja wowote mtupu, chora njia nzima kwa chokaa kwa kipimo chake halisi, kisha waite watu sita wapite, mmoja akisukuma toroli. Pale watakapokanyaga mstari, panua.

Njia ikiwa na urefu wa mita 16, tayari imekula mita za mraba 24 kati ya 80 zako. Inauma, najua.

Jambo la pili ndilo linalowashinda wengi. Maonyesho ya Chelsea Flower Show kule London yamekuwa kwenye uwanja wa Royal Hospital tangu 1913, na bustani zake kubwa nyingi umma huzitazama kutoka pembeni. Huko unaweza kuficha chungu kibaya nyuma ya kizuri. Bustani ya kupita ndani haina mgongo. Mgeni ataona ubavu wa kila mmea, na akishazunguka ataona na kisogo chake. Kwa hiyo mirefu usiirundike ukutani. Sogeza nyasi ndefu nyepesi karibu na kona, zile ambazo jicho hupenya katikati ya mabua, ili mtu aone kuna kitu mbele lakini asijue ni nini. Majani yenye harufu yaweke usawa wa mkono.

Sasa toa orodha. Aina 61 kwenye nafasi hiyo ni ghala. Futa isiyopendeza mwezi wa maonyesho. Futa yenye miiba au utomvu unaowasha, kama itafikiwa na mkono wa mtoto. Futa usiyoweza kuipata kwenye kitalu kinachoiotesha kwa mbegu au vipandikizi. Porini usichimbe hata mmoja: mmea mkubwa ukikatwa mizizi mara nyingi hufa, nawe utakuwa umesifia mimea ya asili kwa kuinyang'anya makao yake. Zikibaki aina 20, umeshinda.

Ukitenga mita za mraba 40 kwa mimea midogo, vyungu tisa kila mita, unahitaji 360. Ongeza moja kwa kila tano kwa ajili ya itakayokufa au kudumaa: 432. Agiza wiki hii, maana mbegu za mimea ya asili nyingine hulala miezi kabla ya kuota.

Kujenga ni kazi ya kurudi nyuma: anza ndani kabisa, malizia mlangoni, na miti itangulie. Mti ulio kwenye chungu cha lita 100, ukishanyweshwa, waweza kupita kilo 100, nao hautabebwa juu ya maua. Mimea iache ndani ya vyungu vyake. Kila kimoja kizungushe mpaka uso wake uelekee njia, kiinamishe kidogo kwa kipande cha mbao chenye unene wa kidole, kisha funika ukingo kwa matandazo ya magome. Ukingo mmoja mweusi ukichungulia, watu hawataona kingine.

*Bosi wangu anasema mimea ya asili ni kichaka kilichosahauliwa. Nimjibu nini? — Nimechoka Kubishana*

Usimjibu, mwonyeshe ukingo. Watu huamua kama mahali pametunzwa kwa kutazama kingo: mstari safi wa mawe au mbao kando ya njia, benchi moja, mmea uleule ukirudiwa kwa makundi ya saba. Ndani ya mstari huo vichaka vijiachie vitakavyo. Weka na vibao, kila kimoja kiwe na jina la kienyeji na la kisayansi, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kubebwa na mimea miwili tofauti.

*Maua yangu yaligoma kuchanua mwaka jana, ingawa udongo na maji vilikuwa sawa. Kwa nini? — Mwenye Haraka*

Usiku kuna taa karibu? Niliwahi kupanga vyungu barazani, chini ya balbu iliyowaka hadi alfajiri. Vya uani vikachanua, vya barazani vikabaki majani matupu. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walieleza jambo hilo kwa tumbaku ya Maryland Mammoth: mimea mingine husubiri siku ziwe fupi ndipo ichanue, na taa huikatia giza inalolihitaji. Zima taa au hamisha vyungu. Mwaka huu panda kwa mafungu matatu, wiki mbili mbili, na fungu la mwisho uliweke chini ya neti ya kivuli.