Maswali na majibu: Usukani unatetemeka baada ya safari ya kambi

SWALI: Fundi, salaam. Tumerudi nyumbani kutoka katika safari ndefu ya kupiga kambi majira haya ya machipuko. Siku ya mwisho mvua ilinyesha sana, na tulipita njia yenye tope zito kabla ya kuifikia barabara ya lami. Tulifika usiku, nikaegesha gari bila kuliosha. Kesho yake, nilipofika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka. Nikipunguza hadi 60 unatulia. Breki zinashika vizuri na gari halivuti upande wowote. Jirani yangu amenishauri nikafanyiwe wili alaimenti. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, salaam. Nakushauri usilipie alaimenti kabla hujaukagua upande wa ndani wa rimu zako, hasa za magurudumu ya mbele. Kwa maelezo uliyoyatoa, ninachokishuku kwanza ni tope lililokaukia humo.

Alaimenti ni marekebisho ya pembe za magurudumu, na inapoharibika dalili zake huwa ni gari kuvuta upande, usukani kukaa mshazari wakati gari linakwenda moja kwa moja, au tairi kulika upande mmoja. Wewe huna hata moja kati ya hizo. Mtetemo unaoanza gari likifika mwendo fulani, kisha ukatulia mwendo unapopungua, ni dalili ya gurudumu lililopoteza balansi, yaani uzito wake haujagawanyika sawasawa kulizunguka. Ukisikika kwenye usukani, aghalabu chanzo kipo mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti na sakafu, anzia nyuma.

Kilichotokea usiku ule ni rahisi kukieleza. Tope bichi lililojaa ndani ya rimu liliteremka polepole gari likiwa limesimama, likatuama sehemu ya chini na kukauka hapo, kwa hiyo asubuhi gurudumu likawa na uzito wa ziada upande mmoja tu. Usiudharau uzito huo. Donge la gramu 50, lililoganda sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu la gari dogo la kawaida, hulivuta gurudumu hilo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8 gari linapokwenda kilomita 100 kwa saa, na mvuto huo hugeuka pande zote takriban mara 14 kila sekunde. Kwa kuwa nguvu hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, ukipunguza hadi kilomita 50 kwa saa inabaki robo tu, ndiyo maana mwendo mdogo unakuficha tatizo. Na madonge ninayoyabandua karakana mara nyingi huzidi gramu 50.

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, subiri diski za breki zipoe, kisha umulike kwa tochi nyuma ya kila gurudumu. Usidanganywe na uso wa rimu uliotakata kwa maji ya mvua, kwani tope hujificha kwenye mzingo wa ndani, kule ambako mpira wa kuoshea haufiki kwa urahisi. Ukilikuta, lilowanishe kwa maji mara kadhaa, uliache lilainike kwa nusu saa hivi, kisha ulikwangue kwa kijiti au kipande cha plastiki. Usitumie bisibisi, kwa sababu kwenye rimu nyingi za aloi vile vizito vidogo vya balansi hubandikwa kwa gundi humo humo ndani, na ukikibandua kimoja utakuwa umetibu ugonjwa kwa kuleta mwingine. Ukitumia mashine ya maji ya presha, usiielekeze karibu mno kwenye mpira wa ekseli, sili za beringi wala waya za vihisio vya breki. Osha magurudumu yote manne, kwa maana ukiyasafisha ya mbele peke yake huenda mtetemo ukahamia kwenye kiti.

Iwapo utalazimika kuvua gurudumu ili ulifikie tope, rudisha nati kwa kukaza zinazotazamana, si kwa kuzunguka mfululizo, na uzimalizie kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Zikague tena baada ya kilomita 100 hivi.

Baada ya hapo jaribu gari kwenye barabara ileile. Ikiwa usukani umetulia, kazi imekwisha. Ikiwa bado unatetemeka, tazama kama kuna alama safi ya mstatili yenye mabaki ya gundi ndani ya rimu, maana huko ndiko kizito kilikong'oka, na dawa yake ni kupeleka magurudumu yakafanyiwe balansi kwa mashine. Mwombe fundi alizungushe kila gurudumu mbele yako, kwa sababu rimu iliyopinda kwa kugonga jiwe huonekana ikiyumba kwa macho tu, na hiyo vizito peke yake haviiponyi.

Katika ukaguzi huo pitisha pia kiganja kwenye mbavu za tairi, ndani na nje. Ukigusa uvimbe, hata uwe mdogo, ujue nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hiyo haizibwi wala haisubiri, ivuliwe siku hiyohiyo na gari lisipelekwe barabara kuu nayo. Vilevile, kama ulipunguza upepo ili kupita kwenye tope, au uliuongeza kwa sababu ya mizigo ya kambi, urudishe kwenye kipimo cha kawaida tairi zikiwa bado baridi. Kwa magari mengi kipimo hicho kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.