Baada ya Don Williams, nani? Maswali na majibu kuhusu nyimbo za huzuni

Nimekulia kwenye kanda za Don Williams na Jim Reeves, nazijua zote kwa moyo. Nani mwingine anaimba taratibu hivyo, ila mwenye uchungu zaidi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu unalo tayari, limejificha kwenye jina la mtunzi. Mwaka 1981 Don Williams aliimba "If I Needed You" pamoja na Emmylou Harris. Wimbo si wao. Ni wa Townes Van Zandt wa Texas, aliyeutoa mwenyewe mwaka 1972. Ukimsikia mtunzi akiuimba, ile sauti nene ya Don yenye kubembeleza haipo tena. Amebaki mtu anayeita bila hakika kwamba ataitikiwa.

Usianze na albamu yake ya kwanza, ya 1968. Ilijazwa vyombo mpaka maneno yakazama, na baadaye aliamua kurekodi upya nyimbo zake kadhaa. Anza na Live at the Old Quarter, iliyorekodiwa kwenye baa ndogo ya Houston Julai 1973 na kutolewa 1977: gitaa moja, sauti moja, na watu walionyamaza kusikiliza. Inachukua kama saa moja na nusu, na ukiimeza yote kwa mkupuo nyimbo zinaanza kufanana masikioni. Chukua nne kwanza: "Pancho and Lefty", "If I Needed You", "Waiting Around to Die" na "Tecumseh Valley". Huu wa mwisho usikilize huku umetulia. Binti wa mchimba migodi anakwenda kutafuta kibarua, anadunduliza pesa arudi kwao baridi ikiisha, kisha zinamfikia habari kwamba baba amefariki. Mwimbaji hapandishi sauti hata mara moja, na hapo ndipo wimbo unapouma.

Ukimaliza, nenda kwa rafiki yake Guy Clark, albamu Old No. 1 ya 1975. Kwa Jim Reeves njia hii haikufikishi mbali, kwa sababu huzuni yake iko kwenye koo kuliko kwenye maneno. Kwake fuata sauti, usifuate watunzi.

Nick Drake aliacha albamu tatu tu na nimezimaliza. Niende wapi? (Msomaji, Leeds)

Kwanza jiulize ni Nick Drake yupi unayemtaka, maana wako wawili. Yupo wa Five Leaves Left (1969), aliyezungukwa na fidla, na yupo wa Pink Moon (1972), aliyerekodi kwa usiku mbili tu akiwa na fundi mitambo John Wood. Katika Pink Moon ni gitaa na sauti, na kinanda kidogo kwenye wimbo wa kwanza. Basi. Unasikia hata vidole vikiteleza juu ya nyuzi.

Kama ni yule wa fidla, mfuate aliyezipanga, yaani aliyeandika kila fidla ipige nini, Robert Kirby. Alipanga pia baadhi ya nyimbo kwenye Just Another Diamond Day ya Vashti Bunyan (1970), chini ya prodyuza yuleyule, Joe Boyd. Tahadhari moja: Vashti ni mwepesi, anaimba mashamba na farasi. Anayemwendea akitafuta giza la Drake humwacha baada ya nyimbo mbili, na hilo si kosa la Vashti.

Kama ni yule wa gitaa tupu, tafuta nyimbo ambazo Drake mwenyewe alijifunzia. Kanda alizorekodi nyumbani zilitoka 2007 kwa jina Family Tree, na humo anaimba "Blues Run the Game" ya Jackson C. Frank. Huyo Frank alikuwa Mmarekani aliyenusurika moto wa shule akiwa na miaka 11. Alipopata fidia akasafiri kwenda Uingereza, na mwaka 1965 akarekodi London albamu moja, prodyuza akiwa Paul Simon. Alikuwa na haya kiasi cha kuomba azungushiwe viambaza studio asitazamwe akiimba. Sikiliza albamu hiyo nzima. Baada yake ongeza Colour Green ya Mjerumani Sibylle Baier: aliirekodi nyumbani kati ya 1970 na 1973, ikakaa mpaka 2006 ndipo ikatolewa.

Nampenda sana Tracy Chapman wa "Fast Car". Nani anamkaribia? (Msomaji, Arusha)

Joan Armatrading, "Love and Affection" ya 1976. Halafu Joan Baez, albamu Diamonds & Rust ya 1975, ambayo David Kershenbaum alishiriki kuiprodyuzi kabla hajaisimamia ile ya Tracy ya 1988.

"Kothbiro" ya Ayub Ogada hunitoa machozi ingawa Kijaluo sikijui. Kuna nyingine za huku kwetu? (Msomaji, Mwanza)

Zipo, na hapa lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi, inasaidia kuliko mtunzi. "Kothbiro", yaani mvua inakuja, imo kwenye En Mana Kuoyo, iliyotolewa 1993 na Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Miaka mitatu kabla, lebo hiyo ilitoa Exile ya Geoffrey Oryema wa Uganda, prodyuza akiwa Brian Eno. Baba yake Oryema alikuwa waziri, akauawa 1977 wakati wa Idi Amin, na Oryema mwenyewe akavushwa mpakani akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Nyatiti ya Ogada, kinubi cha Wajaluo, ina nyuzi nane. Oryema alipiga nanga, ambayo nayo ni ala ya nyuzi, na lukeme, inayopigwa kwa vidole gumba, akaimba Kiacholi na Kiswahili. Anza na "Land of Anaka", ambayo Anaka ni kwao.

Kisha Cécile Kayirebwa wa Rwanda, aliyehamia Ubelgiji 1973. Anaimba nchi yake kama mtu anayeitazama kutoka ng'ambo ya ziwa.

Watu wengi watakwambia pia umsikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na kuimba kwa Kiswahili. Msikilize, gitaa lake ni la ajabu. Lakini "Masanga" inatembea kwa furaha, haitakuliza. Ukitaka huzuni ya pwani, tafuta udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, wa Zein l'Abdin wa Mombasa, albamu Mtindo wa Mombasa ya 1990.

Kila nikiiachia programu ichague, inanirudishia nyimbo zilezile. Nifanyeje? (Msomaji, Muscat)

Zima uchezaji wa kujiendesha. Orodha inayotengenezwa kutokana na wimbo maarufu huchanganya ulivyokwisha kusikiliza na wanavyosikiliza wengi, kwa hiyo ukianzia "Fast Car" utaishia palepale. Anzia wimbo usiovuma, wa katikati ya albamu. Bonyeza nukta tatu pembeni ya jina la wimbo, fungua majina ya walioshiriki, usome mtunzi na prodyuza, kisha tafuta jina hilo peke yake. Usiandike neno "sad" kwenye kutafuta. Litakuletea marudio yaliyopunguzwa kasi na kuongezwa mwangwi.

Bando langu dogo. Nyimbo hizi zinahitaji ubora wa juu? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Kwa kilobiti 96 kwa sekunde, Pink Moon yote, dakika 28, hula kama MB 20. Kwa kilobiti 320 hula kama MB 67. Cha kuzima ni nyongeza ya besi kwenye simu au hedifoni, kwani huvimbisha uzi mnene wa gitaa ukafunika sauti ya mtu anayeimba chini. Pakua albamu kwenye Wi-Fi usiku, uisikilize ikiwa simu haiko hewani.