Ukinunua kisu, nunua na habari zake

Ndugu unayeanza kukusanya visu vya kufuliwa kwa mkono hapa Tabora, nakusihi: kabla ya bei, uliza kisu kimetoka wapi. Nani alikifua, lini, kwa chuma gani, na kimepitia mikono ya nani. Visu viwili vinavyofanana huachana mbali kwa thamani kwa sababu ya habari hizo tu.

Iko siku utaletewa kisu uambiwe ni cha enzi za Mtemi Mirambo. Usibishane na muuzaji, wala usikimbilie kutoa pesa. Kigeuzegeuze kwenye mwanga. Wahunzi wengi hufua springi za magari, wengine tupa zilizochakaa. Tazama karibu na mpini: ukiona vistari vilivyokatana, ni meno ya tupa ambayo nyundo haikuyamaliza. Kisu cha springi wakati mwingine hubaki na tundu la bolti kwenye mkia unaoingia ndani ya mpini. Mirambo alifariki mwaka 1884. Gari la Karl Benz lilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1886; basi kisu cha springi ya gari hakiwezi kuwa cha enzi za Mirambo. Kutu nayo ichunguze: ya kulazimishwa kwa chumvi ina rangi ya machungwa na hutoka kwa kidole, ya miaka mingi ni nyeusi na imeng'ang'ania.

Hata hivyo, usikidharau kisu kwa kuwa ni cha juzi. Mimi hivyo ndivyo ninavyovipenda zaidi, kwa sababu aliyekifua yupo na anaweza kusema mwenyewe. Nenda kwake, kaa karibu na mvukuto, muulize chuma alikipata wapi na kwa nini alichagua mninga badala ya mpingo. Kama yuko radhi, andika jina lake, kijiji, tarehe na bei siku hiyohiyo, upige na picha. Karatasi hiyo itunze pamoja na kisu na ala yake. Inauma sana kuona kazi ya fundi hodari inauzwa kama "kisu cha kienyeji", jina lake limepotea.

Mpini wa pembe ya ndovu usio na kibali usiuguse, hata ukiapiwa kuwa ni urithi wa babu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 itakukamata wewe uliye nao mkononi.