Jibu: Nani alipiga ngoma za Beatles kabla ya Pete Best?

Habari za leo, ndugu. Umekwama kwa sababu orodha yako ya wapiga ngoma wa Beatles, bendi ya Uingereza, inaruka kutoka kwa Colin Hanton, aliyeondoka mwanzoni mwa 1959, hadi kwa Pete Best, aliyejiunga Agosti 1960.

Kabla ya kutafuta majina, angalia kwanza tarehe ya kila onyesho na jina ambalo bendi ilitumia siku hiyo, kwani lilibadilika mara kwa mara. Mimi hufuata safari zao, na Mei 1960 ndiyo yenye mengi: Tommy Moore, aliyewazidi wenzake umri na aliyekuwa na kazi kiwandani, alikwenda nao Scotland kumsindikiza mwimbaji Johnny Gentle, akaumia meno gari lao lilipogonga jingine. Jihadhari, hata hivyo, na picha za majaribio ya tarehe 10 Mei, bendi ilipopimwa ili ipate kazi, kwa kuwa Moore alichelewa na anayeonekana kwenye ngoma, uso umejaa uchovu, ni Johnny Hutchinson wa bendi nyingine. Baada ya Moore alipita Norman Chapman kwa wiki chache tu, akaitwa jeshini.

Ukifika 1962, usiamini rekodi peke yake. Katika wimbo "Love Me Do" ukisikia tari, basi anayepiga ngoma ni Andy White, mpigaji wa kukodiwa, na tari hiyo imeshikwa na Ringo Starr, mpiga ngoma aliyechukua nafasi ya Best.