Maswali ya Wasomaji: Kadi, Simu au Pesa Taslimu?

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake. Mshahara ukiingia huenda ATM nikautoa wote, nikaweka nyumbani, na kila kitu nikanunua kwa pesa mkononi. Mwenzangu wa kazi anasema najitia hasara: nilipie kwa kadi, na bora zaidi nichukue kadi ya mkopo. Kapatia?

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Kapatia nusu. Kadi uliyonayo sasa huchota pesa iliyomo kwenye akaunti yako, papo hapo. Pesa ikiisha, kadi inakataa. Kadi ya mkopo ina sura ile ile, lakini inalipa kwa pesa ya benki na wewe unabaki na deni lenye tarehe. Kwa samaki, mchele na sare za watoto, mtu mwenye mshahara wa kila mwezi hana haja ya deni. Kadi ya mkopo iweke kando.

Kuhusu ATM, mwenzako ana hoja. Benki hukata ada kila unapotoa pesa, na ukitumia ATM ya benki nyengine makato huwa makubwa zaidi. Ukichanja kadi dukani, kwa kawaida mnunuzi hakatwi kitu. Anayekatwa ni mwenye duka, asilimia ndogo ya mauzo, kwa benki iliyompa mashine. Ndiyo maana baadhi ya maduka, hasa ya Mji Mkongwe na ukanda wa hoteli, humwambia mteja aongeze kidogo akilipa kwa kadi. Uliza kabla hujaitoa kadi mfukoni. Nyongeza ya asilimia 5 kwenye bidhaa ya shilingi 80,000 ni 4,000 zinazoondoka bure. Hapo lipa taslimu.

Ushauri wetu: usitoe mshahara wote. Toa mara moja kwa wiki, kiasi cha sokoni na nauli tu. Muuza samaki hana mashine, na utingo wa daladala hangojei ujumbe wa simu. Vitu vya elfu mbili tatu vilipie taslimu, maana makato ya simu kwenye malipo madogo yanauma kuliko kwenye makubwa. Manunuzi makubwa ya dukani, tiketi ya boti na ada yapitishe kwenye kadi, au kwenye lipa namba ya duka, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. ATM hutoa noti kubwa, kwa hiyo noti ya 10,000 ivunje mapema kwenye kituo cha mafuta au duka kubwa. Ukifika nayo sokoni alfajiri kununua fungu la dagaa, chenji itakuwa ugomvi.

Kuna sababu nyengine ya kutotupa taslimu kabisa. Umeme wa Unguja na Pemba huja kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, wa Pemba ukitokea Tanga. Waya wa Unguja ulipoharibika, kisiwa kilikaa bila umeme huo tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika, ATM isiyo na jenereta huzimika, na mtandao wa mashine za kadi hauchelewi kuyumba. Matumizi ya siku tatu nne yakae nyumbani kwa noti ndogondogo, mahali anapopajua mtu wako mmoja unayemwamini.

Nina duka Mwanakwerekwe. Mteja kachanja kadi, mashine ikaandika muamala umeshindikana, lakini yeye simu ikamwonesha kakatwa 145,000. Alitaka aondoke na mzigo. Nani mwenye haki?

Nyote wawili mnasema kweli, kaka. Kadi ikichanjwa, mashine huiuliza benki ya mteja kama pesa ipo. Benki hujibu ndiyo na kuitenga pesa hapo hapo. Jibu likipotea njiani kwa sababu laini imekatika, mashine husubiri kidogo, hukata tamaa, na kutoa karatasi ya kushindwa. Kwa mteja pesa imeshatoka, kwako haijafika. Mfumo hutakiwa kuirudisha wenyewe. Mara nyengine hurudi kwa dakika chache, mara nyengine huchukua siku kadhaa za kazi.

Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu ya mteja. Ujumbe huo huenda ni wa kweli na pesa isikufikie kamwe, na huenda pia ukawa umetengenezwa. Kinachohesabika ni karatasi ya mashine yako iliyoandikwa kuwa muamala umekubaliwa. Wala usichanje mara ya pili haraka haraka, kwani hapo ndipo mteja anapokatwa mara mbili. Chapisha kwanza orodha ya miamala ya siku kwenye mashine. Kama wa 145,000 haumo, mpe mteja ile karatasi ya kushindwa na umwombe alipe kwa njia nyengine.

Mteja naye asiitupe karatasi hiyo. Ina namba ya mashine, saa, na namba ya kumbukumbu ya muamala, ambayo aghalabu huwa na tarakimu 12. Aende nayo benki yake. Benki iliyokupa wewe mashine haiwezi kuifungua akaunti ya mteja wa benki nyengine. Tumeona watu wakizungushwa wiki nzima kwa kuanzia dirisha lisilo lao.

Nakwenda Muscat kwa ndugu zangu mwezi ujao. Benki imeniambia nichukue kadi ya mkopo, nina siku 50 za kulipa bila riba. Mimi Muislamu, nimesita. Nifanyeje? — Bi wa Mtoni

Umefanya vyema kusita, Bi. Tuanze na hizo siku 50, maana si za kila ununuzi. Tuseme benki hufunga hesabu tarehe 25 na kutaka malipo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua 26 Machi, unaingia hesabu ya Aprili na kulipa 15 Mei: siku 50. Ukinunua 24 Machi, unalipa 15 Aprili: siku 22. Na nafasi hiyo ni ya anayelipa deni lote. Ukitoa taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, riba kwa kawaida huanza siku ile ile, juu ya ada.

Wanaoumia ni wanaolipa kiwango cha chini tu, yaani sehemu ndogo ya deni ambayo benki hulazimisha ilipwe kila mwezi. Kwa mfano, deni 600,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini asilimia 10. Unalipa 60,000, inabaki 540,000, riba 16,200. Mwezi wa pili unalipa 55,620, inabaki 500,580, riba 15,017. Umetoa 115,620, na bado unadaiwa 515,597.

Kidini, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sharia, katika kikao cha Riyadh mwaka 2000, iliamua kuwa kadi ya mkopo yenye sharti la riba haifai, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda. Kikao cha Muscat, mwaka 2004, kiliruhusu kadi inayotumia salio la mwenyewe, maadamu haina sharti la riba. Kwa hiyo kadi yako ya kawaida, au ile unayoijaza pesa kabla ya safari, inakutosha.

Kabla hujaondoka, iambie benki ifungue matumizi ya nje ya nchi, na hakikisha laini yako ya simu itapokea ujumbe huko. Mashine ya dukani Muscat ikikuuliza ulipe kwa riali ya Oman au kwa shilingi, chagua riali. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na aghalabu huwa mbaya. Ukilala hoteli, watazuia kiasi cha dhamana kwenye kadi. Kwa kadi yako hiyo ni pesa yako halisi inayofungwa, na huenda ikachukua hata wiki mbili kuachiwa. Uliza dhamana ni kiasi gani, na kama wanakubali taslimu lipa hivyo, udai risiti.

Fundi wangu huniambia "tuma na ya kutolea". Kwa nini nilipe mimi? — Msomaji, Paje

Kwa sababu anapokea kwenye namba yake binafsi: wewe unakatwa kutuma, yeye anakatwa kutoa kwa wakala. Akisajili lipa namba, mpangilio wa makato hubadilika, na jina la biashara yake hutokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri. Lisome jina hilo kila mara. Na ukipokea ujumbe usioutarajia wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", hata kama kweli unadaiwa na mtu, mpigie mdai wako kwa namba yake uliyoizoea kabla hujatuma hata shilingi.