Kwa mnaoanza maabara ya kuvu: angalieni mapema, kisha mrudi kuangalia tena

Kosa la kwanza la mgeni wa kuvu ni kufika siku ya zoezi akakuta mkate umeshakuwa mweusi tii, akachota bonge, akaliweka chini ya hadubini na kuona vitone vyeusi vilivyotapakaa. Baadaye anachora kilichomo kitabuni, si alichokiona. Macho yake hayana shida, hadubini nayo ni nzima. Kilichoharibika ni kielelezo: kimezeeka. Kuvu huzaliana kwa hatua, na kila hatua hudumu saa chache au siku chache tu. Kwa hiyo karibu kila tunachowaambia hapa kinahusu muda.

Tuanze na ukungu wa mkate, Rhizopus stolonifer. Mikate mingi ya kiwandani hutiwa kalsiamu propionati ili isiote ukungu, na unaweza kuisubiri wiki nzima usipate kitu. Tafuta mkate uliookwa nyumbani, au tumia kiporo cha ugali. Acha vipande wazi mezani kama saa moja ili spora (chembe za uzazi za kuvu) za hewani zitue, nyunyizia maji kijiko kimoja cha chai kwa kila kipande, kisha funika ndani ya kopo lenye tishu yenye unyevu. Usiloweshe. Mkate ukichuruzika maji bakteria hutangulia, unaanza kuteleza na kunuka, na hapo utupe uanze upya.

Rhizopus hupenda nyuzijoto 25 hadi 30. Mbeya, Makete au Njombe mwezi wa Juni na Julai usiku hushuka chini ya 10, na ukungu ambao ungekuwa tayari siku ya tatu huchukua siku tano au zaidi. Weka kopo ndani ya boksi karibu na mgongo wa friji au jikoni, na uanze mapema ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya zoezi. Njia salama zaidi ni kuandaa makopo matatu, kila moja likianzishwa siku moja baada ya lingine. Ukifanya hivyo, siku ya zoezi una umri wote mezani.

Angalia kila asubuhi. Kwanza utaona utando mweupe, na pembeni stoloni, yaani nyuzi zinazotambaa kwenye ukuta wa kopo, zikishika kwa raizoidi, vijinyuzi vinavyofanana na mizizi. Baadaye vichwa vidogo hutokea juu ya vibua: vyeupe, kisha vya kijivu, kisha vyeusi. Chukua sampuli vikiwa vya kijivu. Sporanjia, yaani vifuko vya spora, huwa bado nzima na spora zimo ndani. Chukua tena kesho yake vikishapasuka, uone kolumela (kitovu cha ndani ya sporanjia) iliyobaki imejikunja kama mwavuli. Slaidi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza uzazi usio wa jinsia vizuri kuliko picha yoyote.

Namna ya kuandaa slaidi: tone moja la ethanoli ya asilimia 70 kwanza, kwa sababu spora hukataa maji na hushika hewa, na mapovu ya hewa wageni huyachora wakidhani ni spora. Chukua nyuzi chache sana kwa sindano, zisizozidi kichwa cha kiberiti. Zichambue kwa sindano mbili kwenye ethanoli. Ikikaribia kukauka weka tone la laktofenoli yenye kotoni bluu (mchanganyiko wa rangi wenye fenoli na gliserini), halafu shusha kioo cha kufunikia kwa mshazari, upande mmoja ukitangulia. Fenoli huua kuvu, gliserini huzuia slaidi isikauke, na rangi hushika kwenye kuta za seli zenye kitini, kitu kigumu kinachojenga kuta za kuvu. Fenoli huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Anza na lenzi ndogo. Anayekimbilia ya 40 moja kwa moja huvunja kioo na hapati picha.

Zaigospora, yaani spora za uzazi wa jinsia, zinawasumbua wengi. Rhizopus stolonifer huhitaji aina mbili zinazopatana, chanya na hasi, jambo alilolionyesha Albert Blakeslee mwaka 1904. Mkate mmoja kwa kawaida umeota aina moja tu, hata ukisubiri mwezi hutaona kitu. Maabara ikiwa na aina zote mbili, zipandikize kwenye sahani moja ya petri zikiachana sentimita tatu au nne, na utafute mstari mweusi zinapokutana. Kama hakuna, tumia slaidi za kununua, na useme hivyo kwenye ripoti.

Zoezi tunalolipenda kuliko yote halihitaji fedha: kinyesi cha mbuzi au sungura anayekula majani. Spora nyingi zilizo kwenye majani hupita tumboni zikiwa hai na kuota zikishatoka nje, kwa hiyo mnyama anayechungwa malishoni huzaa kuvu nyingi kuliko anayelishwa pumba bandani. Weka golori nne au tano, mbichi, juu ya tishu yenye unyevu ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani. Liweke dirishani mahali pasipopigwa na jua. Hali ya hewa ya nyanda za juu inafaa kabisa, mradi usiku usiwe wa baridi kali.

Wiki ya kwanza hutokea Pilobolus: kibua kinachoonyesha ndani kama kioo, kimevimba juu, na kofia nyeusi kileleni. Ndugu huyu wa Rhizopus huelekea kwenye mwanga na kurusha sporanjia yake hadi karibu mita mbili. Funika kopo kwa karatasi nyeusi yenye tundu moja, na asubuhi utakuta vidoa vyeusi vimejazana mahali mwanga ulipoingilia. Wiki ya pili tafuta kwa lenzi ya mkono vichupa vidogo vyeusi, mara nyingi Sordaria. Bonyeza kimoja taratibu chini ya kioo ndani ya maji, na askasi (vifuko virefu vya spora) zitatoka kwa fungu, kila moja na spora nane kwa mstari. Wiki ya tatu au ya nne huja uyoga mdogo wa jenasi ya Coprinopsis, ambao huota na kuoza ndani ya siku moja. Hapo makundi matatu makubwa ya kuvu yamepita kwenye kopo moja. Anayeangalia mara moja kwa wiki hukosa angalau moja.

Hamira ni kazi ya saa moja. Gramu moja ya hamira kavu na gramu tano za sukari kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hadi 35. Maji ya moto yanaiua. Baada ya dakika 40 tafuta machipukizi ukitumia lenzi ya 40. Ukitia methilini bluu, seli zilizokufa hushika rangi na zilizo hai hubaki bila rangi. Iringa mna ulanzi, pombe ya mianzi: mashapo yake nayo yana hamira, pamoja na bakteria wengi, basi usishangae kuona vijiti vidogo katikati ya seli za hamira. Si kila hamira huchipua. Schizosaccharomyces pombe, iliyotengwa na Paul Lindner mwaka 1893 kutoka pombe ya Afrika Mashariki, hugawanyika katikati.

Kwa uyoga, kata shina, laza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bilauri, acha usiku kucha. Rangi ya spora itabaki kwenye karatasi, nayo ni kitambulisho cha kwanza. Uyoga wa porini usiuonje kwa namna yoyote.

Viazi vya Uyole au Njombe vikipigwa na baka jani, wengi huleta majani yake kama kielelezo cha kuvu. Phytophthora infestans, inayosababisha ugonjwa huo, haimo kwenye himaya ya kuvu; kuta za seli zake ni za selulosi, si za kitini kama za kuvu. Mwenye majani ya mahindi yenye kutu ya kahawia, hiyo ni kuvu ya kweli, na inafaa sana.

Mkitengeneza agari ya viazi, yaani chakula cha kuoteshea kuvu kwenye sahani: gramu 200 za viazi mviringo vilivyochemshwa na kuchujwa, gramu 20 za glukosi, gramu 15 za agari, ongeza maji hadi lita moja. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya pwani havilisemi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Geji ya otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) ikisoma pauni 15, ndani ni kama nyuzi 118 badala ya 121. Panda hadi pauni 18 kama chombo kinaruhusu. Ukitumia presha kuka ya nyumbani, ongeza muda uwe dakika 30, na toa hewa yote kabla ya kufunga vali. Mimina ikishapoa hadi chupa inashikika mkononi. Ikiwa ya moto zaidi mvuke huganda kwenye mfuniko na kudondokea agari.

Sahani iliyoota usiifungue kuinusa, hasa yenye kijani cha Aspergillus kutoka mahindi. Ifunge kwa plasta, na kabla ya kutupa irudishe kwenye presha dakika 30.