Je, tunaweza kuziba utoro (njia ya kupitishia maji yanayozidi) ili bwawa la zamani lijae zaidi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati inayosimamia bwawa la mapumziko wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza. Tuta lake ni la udongo, lina kimo cha mita 6, na lilijengwa mwaka 1979. Watu huja kuvua samaki, kupiga makasia na kukaa chini ya mikaratusi iliyoota kwenye tuta. Kwa kuwa maji hupungua sana kiangazi, kamati inataka kupanga viroba vya mchanga vya kimo cha nusu mita kwenye utoro wenye upana wa mita 5, ambao sakafu yake iko mita 1 chini ya kilele cha tuta. Aidha, tangu masika yaliyopita pana majimaji chini ya tuta, upande mkavu, karibu na bomba la kutolea maji. Je, tuta litahimili?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba viroba hivyo visipangwe, na kama vimekwisha kupangwa, viondolewe kabla ya mvua za vuli. Uwezo wa utoro hupungua kwa kasi kubwa kuliko kina chake. Maji yakifika usawa wa kilele cha tuta, utoro wenu ukiwa wazi hupitisha takriban mita za ujazo 8.5 kwa sekunde. Mkiuziba nusu mita, utapitisha takriban 3 tu. Mnaondoa nusu ya kina, lakini mnapoteza karibu theluthi mbili za uwezo. Siku ya mvua kubwa, maji yatakayokosa njia hapo yatapita juu ya tuta, nalo tuta la udongo halijengwi ili lipitiwe na maji. Maji huanza kuuchimba ubavu mkavu, mmomonyoko hurudi nyuma hadi kwenye kilele, na pengo likishafunguka, bwawa zima linaweza kumwagika kwa muda mfupi mno kwa walioko bondeni kukimbia.

Kosa hili liliwahi kufanyika kwenye bwawa la starehe kama lenu. Bwawa la South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilikuwa tuta la udongo lililochakaa ambalo klabu ya matajiri ililitengeneza upya kwa ajili ya uvuvi na mashua. Kilele kilishushwa ili magari ya farasi yapishane, wavu ukawekwa kwenye utoro ili samaki wasitoroke, na mabomba ya kutolea maji, ambayo yaliondolewa hapo awali, hayakurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, tuta lilibomoka na watu 2,209 wakafa. Karibu nasi zaidi, mwezi Mei 2018, tuta la udongo la shamba moja huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, lilibomoka usiku na kuua watu zaidi ya 40.

Yale majimaji ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi kuliko umri wenyewe wa tuta. Kila tuta la udongo huvujisha kidogo. Hatari huanza pale maji yanayotoka yanapobeba udongo, kwa maana hiyo ni dalili kwamba ndani ya tuta panachimbika mfereji usioonekana. Chimbeni kijitaro kinachokusanya maji hayo mahali pamoja, kingeni kwa ndoo ya lita 20, pimeni kwa saa inajaa kwa muda gani, na mwandike kila wiki pamoja na kimo cha maji bwawani. Jazeni pia chupa nyeupe inayoonyesha ndani, muiache itulie hadi asubuhi, kisha mtazame kama kuna tope chini. Mvujo ukiongezeka ilhali kimo cha maji hakijapanda, au tope likionekana, hilo si jambo la kusubiri kikao.

Wengi katika hali hiyo hukimbilia kuziba mahali maji yanapotokea kwa saruji au udongo wa mfinyanzi. Msifanye hivyo. Maji yaliyozibiwa hujenga shinikizo ndani ya tuta na kutafuta njia nyingine. Mwageni mchanga safi na juu yake kokoto, ili maji yatoke na udongo ubaki, huku mkipunguza maji bwawani kwa takriban sentimita 30 kwa siku. Mkiyashusha kwa haraka sana, ubavu wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka. Kwa kuwa mvujo uko karibu na bomba, nashuku bomba lenyewe: chuma kilichofukiwa tangu mwaka 1979 huenda kimekwisha kuliwa na kutu, na maji hupenda kufuata ubavu wa nje wa bomba ambako udongo haukushindiliwa vizuri.

Kagueni pia nyufa mwishoni mwa kiangazi. Udongo mweusi wa mbugani huzuia maji vizuri ukiwa na unyevu, lakini hupasuka ukikauka, na ufa unaokatiza tuta kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni wa hatari kuliko unaofuata urefu wake. Vichuguu vya mchwa na mashimo ya wanyama yachimbuliwe, yajazwe udongo na kushindiliwa. Mikaratusi, najua, ndicho kivuli cha wageni wenu, lakini mahali pake si kwenye tuta. Hata hivyo, msiikate na kuacha visiki, kwa sababu mizizi ikioza huacha vijia vya maji. Ing'olewe maji yakiwa chini, mbele ya mhandisi, kisha pandeni ukoka.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina ofisi jijini Mwanza. Ombeni ukaguzi sasa, kabla ya kubadilisha chochote. Wakati mkisubiri, mjumbe mmoja atembee kufuata mkondo kuelekea bondeni, ahesabu nyumba zilizo karibu nao, na aandike namba ya simu ya kila kaya. Barua yako haikusema kama valvu ya bomba bado inafunguka. Ijaribuni mchana, polepole, mtu mwingine akiwa ameyakazia macho yale majimaji.